Mnawaambia vijana wanunue kamera, jua la saa saba mmemwachia nani?

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua mnapenda barua fupi lakini hii imenikaa kooni tangu Jumapili nilipofungua gazeti nikakuta ule ushauri wenu kwa vijana wanaotaka kuanza kupiga picha za watu nje, za bethidei, mahafali, sendofu na kadhalika. Mwandishi kaanza na kamera, kaenda kwenye lenzi, karudi tena kwenye kamera, mtaji umefika milioni tatu na ushee, halafu habari ya mwanga kaipa mstari mmoja tu mwishoni kama vile ni kachumbari. Jamani! Hiyo ndo pilau yenyewe.

Mimi nipo Kinondoni, mwaka wa tatu huu napiga picha za watu nje. Natumia Canon 1300D ya mtumba niliyoitoa Kariakoo na lenzi moja ya 50mm f/1.8 (mm ni jinsi lenzi inavyovuta, f ni tundu la kupitisha mwanga, namba ikiwa ndogo ndo tundu kubwa), sina studio, sina flashi, na kwa kweli bado najiita mwanafunzi. Kwa hiyo sisemi kama bingwa, nasema kama mtu aliyeungua juzi juzi na kovu bado bichi.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa mama mmoja jirani yetu, anatimiza miaka 60, wanae wakataka picha za Coco Beach. Tukafika saa saba mchana kwa sababu keki ilikuwa ikatwe saa tisa. Mama kapendeza, gauni la dhahabu, kilemba kimefungwa na fundi, hereni kubwa. Nikamsimamisha mchangani bahari ikiwa nyuma yake, jua utosini, nikapiga picha kama mia mbili hivi huku nafsi inaniambia leo nimeula. Kufika nyumbani nafungua laptopu, macho hakuna! Kuna mashimo mawili meusi, pua imemwaga kivuli mpaka kwenye mdomo wa juu, paji la uso linawaka kama kapakwa mafuta ya nazi, na picha chache ambazo macho yanaonekana basi kayafinya kama anasoma maandishi madogo ya kwenye boksi la dawa. Nilipompelekea akaziangalia kimya kimya moja baada ya nyingine, akavua miwani, akaniuliza "mwanangu, umenipiga mimi au umempiga marehemu mama yangu?" Nusu ya hela iliyobaki hawakunipa na mimi sikudai.

Sasa nilifanya nini? Nikafanya kile kile mnachowaambia vijana, nikaanza kuulizia bei ya kamera kubwa. Bahati nzuri hela sikuwa nayo.

Tatizo lilikuwa jua, na jua la kwetu sio la wale jamaa wa YouTube tunaowamalizia bando. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba, na hata Juni ambapo limesogea kaskazini, saa sita mchana bado liko juu nyuzi kama 60. Wakati London mwezi Desemba jua la mchana linapanda nyuzi kama 15 tu, yaani mwenzako anapiga picha saa sita anapata mwanga wa pembeni laini kama wetu wa jioni, halafu anakwambia toka nje kapige. Wewe ukitoka hapa saa hizo unatengeneza mizimu.

Na ile saa ya dhahabu wanayoisifia, ule mwanga laini wa njano jua likiwa chini, kwao inaweza kwenda hata zaidi ya saa nzima kwa sababu jua linashuka kwa mshazari, kwetu linadondoka kama embe. Dar linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro hivi kutegemea na mwezi, ukichelewa foleni ya daraja la Selander dakika ishirini umekuta giza. Mimi sa hivi mteja namwambia tukutane saa kumi na nusu, najua atafika saa kumi na moja na robo, hapo tuko sawa.

Halafu kuna kitu kinanichekesha kuhusu hiyo Coco Beach. Watu wanaenda jioni kupiga picha za machweo na bahari nyuma, wakati ufukwe ule unatazama mashariki! Jua linazama upande wa mjini, nyuma ya mpiga picha, sio baharini. Jioni pale mteja wako akiipa bahari mgongo jua linamgonga usoni, ni mwanga mzuri likishakuwa chini, lakini kama unataka lile jua la nyuma linalochora nywele na mabega na bahari inameta, nenda asubuhi, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshapanga mtu wako. Forodhani kule Unguja ndo kinyume chake, pale jua linazama baharini kweli. Vitu hivi havina bei, ni kujua tu mashariki iko wapi.

Na kama mteja kang'ang'ania saa saba, maana wapo na ndo wenye hela, tafuta kivuli. Sio kivuli chochote. Unataka kivuli chenye uwazi mbele, baraza, ukumbi wa ghorofa, upande wa jengo ambao jua halijafika, mtu anasimama ndani kidogo ya mpaka wa kivuli na uso unatazama kule nje kwenye anga. Kuna mzee mmoja mpiga pasipoti alinifundisha, nyoosha mkono wako mbele, kunja ngumi, halafu zunguka taratibu pale ulipo huku unaangalia ngumi. Upande mmoja utaona vifundo vimekuwa vyeusi na mikunjo yote imetokeza, ukigeuka kidogo ghafla ngumi inalainika, ngozi inaonekana rangi yake. Pale ndo uso wa mteja utazame. Nimeifanya mpaka makonda wa daladala wananishangaa kituoni lakini sijawahi kujuta.

Angalia pia kivuli kinatoka kwenye nini. Chini ya mwembe uso unachukua ukijani. Turubai la bluu linakupa watu kama wametolewa kwenye friji. Niliwahi kupiga sendofu chini ya hema la zambarau, bibi harusi akatoka kama amevilia damu, nikaediti siku tatu na bado shavu moja liligoma. Sa hivi namtoa nje ya hema dakika kumi, namsogeza karibu na ukuta mweupe, ule ukuta wenyewe unarudisha mwanga usoni na rifrekta sijanunua. Pasipo na ukuta namuomba shangazi mmoja ashike shuka jeupe, na mashangazi wanaipenda sana hiyo kazi, wanajiona ni sehemu ya shoo.

Kingine ambacho hamkugusa kabisa ni ngozi zetu. Kamera inapopima mwanga yenyewe inadhani dunia nzima ni kijivu. Ukimpa bibi harusi kwenye shela jeupe au bwana kwenye kanzu, inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga, nguo inakuwa ya kijivu na uso unapotea. Kile kitufe cha kujumlisha na kutoa kipo pale kwa ajili hiyo, jumlisha, angalia uso kwenye skrini, jumlisha tena. Kwenye simu gusa uso kwanza halafu ndo uburuze kile kijua juu au chini. Na jambo hili lina historia, zamani wasafisha picha walikuwa wanapanga rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley zenye picha ya mdada wa kizungu, yeye akitoka vizuri basi kazi imeisha, sisi wengine tukabaki meno na macho. Zama za mkanda wa filamu zimepita lakini vijana wetu wanaimalizia kazi, mtu anatoka mweusi kwenye picha kwa sababu ya mwanga mbovu, wao wanamchubua na filta mpaka mama mzazi anauliza huyu nani. Mimi hiyo siifanyi, wateja wawili wameshanihama na sawa tu.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Lenzi ya 50mm kwenye kamera kama yangu yenye sensa ndogo inavuta kama 80mm, inatosha kabisa kwa uso, pua inabaki saizi yake. Wa simu, usimsogelee mtu na ile lenzi pana, rudi hatua mbili utumie x2, na futa lenzi kwanza maana hiyo simu imetoka kwenye mfuko wenye chapati. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu. Watu wawili, acha f/1.8, nenda f/4 tundu lipungue na wote wawe kwenye fokasi, la sivyo bwana anaonekana na bibi ni moshi. Basi.

Na kabla ya yote mwamkie mtu wako. Ukimwambia mama wa watu simama vizuri anakakamaa kama yupo uhamiaji, mpe shikamoo, muulize leo kapika nini, akifika kwenye nazi mikono yenyewe inaanza kuongea.

Kama mnataka mfano kwa hao vijana, watajieni Seydou Keïta wa Bamako. Alifungua studio yake 1948, picha zake nyingi kapiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma ya mteja katundika shuka la kitanda, na kwa kawaida mtu mmoja alimpiga picha moja tu. Moja! Mimi na mia mbili zangu nilikosa hata hiyo moja. Leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa Ulaya na Marekani.

Yule mama nilimrudia baada ya miezi minne, bure. Nilimkalisha barazani kwake saa kumi na moja na nusu, kamera ile ile, lenzi ile ile, ukuta wa jirani mweupe mbele yake, anachambua mchele. Safari hii alivua miwani akafuta machozi, ile nusu ya hela nikapewa nikakataa, nikawekewa kwenye mfuko wa shati kwa nguvu.

Sasa Mhariri na nyie mna lenu. Nilituma picha yake kwenye ukurasa wenu wa wasomaji, mkaitoa, nawashukuru, lakini gazetini uso umekuwa makaa tena. Karatasi ya gazeti inakunywa wino, vidoti vinatanuka, sehemu ya giza inazidi kuwa giza, na nadhani mtu wenu wa mitambo analijua hilo kuliko mimi. Mwambieni kabla ya kuchapa anyanyue mwanga wa sura kidogo, za watu wote, maana ukurasa ule kila wiki unaonekana kama umepigwa usiku wa mgao. Au mtuandikie hapo chini tutume picha zikiwa zimeangazwa kiasi gani, tutazituma hivyo. Mama ananiuliza mimi, nikamwambia nitawaandikia.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga picha wa mtaani, Kinondoni, Dar es Salaam