Kabla ya Tarim, maliza Safina

London

Mdogo wangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ni baridi tu haijatuacha. Natumai goti la Mama limepata nafuu, na Baba na Ami wako salama.

Wabaadu. Ombi lako la nauli ya kwenda kusoma Tarim, mji wa wanazuoni huko Hadhramaut, Yemen, limenifika, na limenifurahisha kuliko unavyodhani. Msichana amemaliza kidato cha nne juzi tu na kinachomkosesha usingizi ni elimu ya dini yake, nani asifurahi? Kwa hiyo usiisome barua hii ukadhani nakukatalia. Pesa itapatikana, inshaallah. Ninachokuomba ni umalize kwanza kilichopo hapo Lamu, maana ni kingi, nawe unakipita kila siku ukienda sokoni.

Majuzi nilifungua kwenye kompyuta picha za vitabu vya Msikiti wa Riyadha, hapo mtaani kwetu Langoni, vile vilivyoandikwa kwa mkono. Vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini kupotea, na sasa aliye popote duniani anaweza kuvitazama. Nilikaa navyo mpaka usiku mwingi. Matni kwa wino mweusi, baadhi ya maneno kwa wino mwekundu, na pembeni maelezo yaliyobanwa kwa herufi ndogo ndogo, ya mtu aliyekuwa anasoma kweli kweli. Kwingine kumeandikwa kuwa kitabu ni wakfu, kisiuzwe. Machozi yalinitoka. Watu wamesoma haya hapo hapo Langoni, na mimi niliyezaliwa Langoni nayatazama nikiwa London.

Wewe unaitaka Tarim kwa ajili ya isnadi, ule mnyororo wa walimu, na baraka za masheikh wake, na hilo silipingi. Lakini elimu ya Hadhramaut ilishafika Lamu zamani. Habib Saleh, sharifu aliyetujia kutoka Ngazija, alishikamana na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, huko huko Hadhramaut, na ni yeye aliyetuletea maulidi ya al-Habshi tunayoyasoma kila Mfungo Sita. Alifariki 1935, lakini mlango alioufungua haujafungwa. Na aliwafungulia nani? Hata watumwa na watoto wa watumwa, ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha. Wale hawakuwa na nauli ya kwenda popote. Elimu iliwafuata pale walipo, wakaishika. Mpaka leo vijana wanatoka nchi za jirani wanakuja kulala Riyadha kwake ili wasome, na sisi wenyeji tunatazama baharini.

Najua utasema halaka, zile duara za darsa za msikitini, ni za wanaume. Ndiyo maana nakutajia Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha sisi wasichana madrasa. Yupo, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na akili yake nzima.

Sasa hizo klipu unazonitumia. (Hapa usisome kwa sauti mbele ya Baba.) Umewasikiliza masheikh wa kwenye simu juu ya siku za hedhi, kila mmoja na lake, mwishowe hujui uswali au usiswali. Mdogo wangu, swali lako limejibiwa ndani ya Safina, kile kijitabu chembamba cha fiqhi kilichokuwa kwenye mkoba wako wa chuo. Uchache wa hedhi ni siku moja na usiku wake, ghalibu yake, yaani kawaida ya wengi, ni siku sita au saba, na wingi wake ni siku kumi na tano. Sheikh Salim bin Sumayr, Mhadhrami, alikikusanya kwa ajili ya mtu anayeanza. Wale wa kwenye simu huenda wote wamesema sawa, kila mmoja kwa madhehebu yake. Sisi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na wao hawajui ni nani anayewasikiliza. Mwalimu anakujua. Ukimwambia damu imepita siku kumi na tano, hatakimbilia kukujibu. Atakuuliza kawaida yako ni siku ngapi, imeanza lini, rangi yake ikoje, ndipo akwambie uoge lini na sala zipi uzilipe. Hayo klipu haiwezi.

Huku nako elimu ipo, nisiseme uongo. Msikiti wa East London una jengo la wanawake, Maryam Centre, lililofunguliwa 2013, na huwa naingia darsa pale nikitoka kazini. Wengi wa wenzangu ni Mabangali, wao ni Mahanafi, madhehebu mengine. Darsa ikifika kwenye udhu na sala nasikiliza kwa adabu, kisha jioni nampigia simu Mwalimu anieleze yetu. Ninachokikosa London yote hii ni mtu wa kunikalisha chini, anisomeshe kitabu cha madhehebu yangu kwa lugha yangu, faslu kwa faslu, nikikosea anirudishe.

Kwa hiyo nenda kwake baada ya alasiri. Soma Safina kuanzia bismillahi mpaka mwisho, usiruke hata mlango unaodhani unaujua. Ukikhitimu, ingia Ajurrumiya, kitabu cha nahau ya Kiarabu, kwa sababu bila nahau hata huko Tarim utakaa kitako ukisubiri kutafsiriwa.

Upande wa Qur'ani, muombe Ami akuazime ile tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotoka 1969. Kiswahili chake hakijachuja, na maelezo yake yanamfaa anayeanza. Sheikh mwenyewe alizaliwa Unguja 1912, akasomeshwa na masheikh wa Unguja, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Najua Ami ana maneno yake juu ya Sheikh Abdallah, kwa sababu ya msimamo wa Sheikh kuhusu maulidi. Msikilize, usibishane naye, kisha usome.

Kesho nitatuma kitu kidogo kwa M-Pesa, ununue Safina yenye sharhe, yaani maelezo yake, na kinachobaki umpelekee Mwalimu. Hadai ada, lakini usiende mikono mitupu. Ukishamaliza vitabu hivyo viwili, na Yemen ikawa na utulivu wa kuwafanya wazee wetu waridhike, tiketi ni juu yangu. Baba nitamwambia mwenyewe.

Mwambie Mama dawa ya goti nitampa mgeni anayekuja mwezi ujao. Nisalimie nyumba nzima na majirani. Nijibu ukishaonana na Mwalimu, unieleze amekupangia siku gani.

Wassalamu,
Dada yako