Barua kwa Mwanangu: Kabla Giaboksi Haijashushwa

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo, mvua imenyesha ya kutosha na migomba imesimama vizuri. Simu yako ya juzi usiku ilininyima usingizi, nami nimeona heri nikuandikie, kwa sababu mambo ya gari yakisemwa kwenye simu husahaulika kabla mtu hajafika gereji.

Ulinieleza kwamba ulipokuwa ukipanda kutoka Usa River kuelekea mjini Arusha, injini ilinguruma kwa nguvu lakini hiyo Hilux yako haikuongeza mwendo, na kwamba ulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Ukaniambia pia kuwa fundi wa jirani na unapokaa alikusikiliza akiwa amesimama mlangoni pa gereji yake, kisha papo hapo akasema giaboksi ishushwe, klachi ibadilishwe yote, na wewe uanze kutafuta fedha ya giaboksi nyingine. Hilo la fundi limenitia hofu kuliko lile la gari. Klachi huisha, maana ni kitu kinachofanya kazi kwa kusuguana; lakini mtu anayetoa uamuzi juu ya gari ambalo hajaliwasha, wala hajakanyaga pedali yake, wala hajainama kulitazama chini, nakuomba usimkabidhi ufunguo.

Nisikilize, maana jambo hili lilinigharimu. Mwaka 2009, wakati ule nilipokuwa nikipeleka ndizi soko la Mbuyuni kwa pikapu, asubuhi moja pedali ya klachi ilizama mpaka chini na gia zikagoma kuingia. Nilivutwa mpaka gereji moja mjini Moshi. Mwenye gereji hakufungua hata boneti. Aliniambia klachi imekwisha, nikalipa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya ada yenu ya muhula, na gari likakaa kwake siku nne. Wiki mbili baadaye pedali ilizama tena. Safari hiyo jirani alinipeleka kwa mzee mmoja wa Njoro, ambaye kabla ya kugusa spana alifungua kikopo cha mafuta ya klachi akakikuta karibu kikavu, akalala chini ya gari, akapitisha kidole pembeni ya giaboksi kwenye ile silinda ndogo inayosukuma uma wa klachi, na kidole kikatoka kimelowa. Mipira ya silinda ilikuwa imechakaa na mafuta yalikuwa yakivuja tangu mwanzo. Alibadilisha mipira, akatoa upepo, akaniambia nikanyage. Kazi nzima haikuzidi saa mbili. Klachi yangu ya kwanza, ile niliyoilipia ibadilishwe, sikuwahi kuionyeshwa, na hadi leo sijui kama kweli ilitolewa.

Tangu siku hiyo fundi nampima kwa hatua anazopitia kabla ya kutamka bei. Ili uweze kumpima na wewe, inafaa ujue kidogo kinachoendelea humo ndani. Sahani ya klachi hubanwa kati ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na presha pleti, bamba linaloikandamiza sahani, na mbano huo ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, mafuta kutoka silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta, huisukuma silinda ya chini, nayo husukuma uma na beringi mpaka sahani iachiliwe. Kwa hiyo dalili hazifanani. Injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka, hasa mlimani na kwenye gia kubwa, sahani inateleza. Gia zikigoma kuingia na ya kurudi nyuma ikakwaruza, huenda sahani haiachiliwi sawasawa, na mara nyingi chanzo ni mafuta kuvuja au upepo kuingia kwenye bomba. Kelele inayotokea ukikanyaga pedali humwelekeza fundi kwenye beringi ya klachi. Ile inayopotea ukikanyaga humwelekeza kwenye beringi ya shafti ya giaboksi yenyewe.

Maelezo yako yanaelekea kwenye kuteleza. Hata hivyo kuteleza nako kuna sababu zaidi ya moja, na hapo ndipo fundi mkweli anapojitenga na mwingine. Sahani inaweza kuwa imelika. Inaweza pia kuwa bado nzima ila imelowa oili inayotoka kwenye sili, yaani mpira wa kuzuia oili, ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi. Ukibadilisha sahani ukaacha sili inavuja, mpya nayo italowa. Na wakati mwingine pedali imerekebishwa vibaya, haina ule mchezo mdogo wa mwanzo, yaani nafasi pedali inayoshuka kabla haijaanza kusukuma klachi, kwa hiyo sahani haibanwi kwa nguvu zake zote hata mguu wako ukiwa mbali. Hili la mwisho hurekebishwa bila kushusha chochote. Fundi atakayeanza na mchezo wa pedali, akatazama kama kuna oili inayodondoka pale injini inapoungana na giaboksi, kisha akakuomba mwende pamoja barabara tambarare isiyo na watu, akaingiza gia ya nne katika mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa na kukanyaga mafuta asikilize kama injini inaruka peke yake, huyo mpe nafasi. Akikwambia baada ya hapo kwamba giaboksi lazima ishuke, utakuwa na sababu ya kumwamini.

Wa kumpata wapi? Arusha una bahati ambayo mimi sikuwa nayo, kwa kuwa mji huo umejaa madereva wa watalii, na Land Cruiser zao hupanda ukingo wa Ngorongoro na kurudi mwaka mzima zikiwa na mizigo. Watu hao wanaijua klachi kwa miguu yao. Usiwaulize nani ni fundi mzuri, maana kila mtu atakutajia shemeji yake. Waulize klachi yao ya mwisho ilifungwa na nani, imekaa muda gani, na kama walirudi kwake kwa kazi nyingine. Jina likitajwa na watu wawili wasiojuana, nenda ukalione eneo. Gereji nyingi ziko upande wa Unga Limited, lakini usitishwe na bango kubwa wala usidharau kibanda cha mabati. Tazama kama vipuri vilivyofunguliwa vimepangwa pamoja na bolti zake au vimetupwa vumbini. Cheti cha VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, ni jambo jema na ni halali kukiulizia, ingawa mzee wa Njoro hakuwa nacho.

Mkikubaliana, tenganisha bei ya ufundi na bei ya spea, na spea ukanunue mwenyewe ukiwa na fundi au kijana wake. Subirini mpaka sahani ya zamani itoke, mwende nayo dukani, mlinganishe upana wake na idadi ya meno ya tundu la katikati, kwa sababu Hilux za miaka tofauti hazitumii klachi moja. Dai risiti ya mashine. Aisin na Exedy ni majina ya Japani yanayoheshimika, na kwa sababu hiyo maboksi yake huigwa. Kwa hiyo duka linalokubali kukurudishia lina thamani kuliko punguzo. Kwa kuwa gharama kubwa ni kushusha giaboksi, badilisha kwa pamoja sahani, presha pleti na beringi, na sili zitazamwe hapohapo. Flaiwili ikiwa na michirizi au mabaka ya bluu ya moto, ipelekwe kwa wachonga vyuma kabla ya kufungwa. Ukimwona fundi anasafisha mikono kabla ya kushika sahani mpya, na anaiweka katikati kwa kifaa chake badala ya kukisia kwa jicho, jua hujapotea njia.

Naomba uwepo wakati giaboksi inashuka. Najua kazini wanakubana, na najua pia namna baadhi ya mafundi wanavyozungumza na mwanamke aliyekuja peke yake, wakimwangalia mwanaume yeyote aliye karibu naye kana kwamba ndiye mwenye gari. Marehemu baba yako alilinunua gari hilo ili likuhudumie wewe, na una haki ya kuuliza kila unachotaka kuuliza. Fundi wa kweli hujibu.

Kwa sasa liache lilipo. Ikilazimu kulisogeza, usiliegemeze mlimani kwa klachi, tumia handibreki, wala usipumzishe mguu juu ya pedali kwenye foleni. Hiyo ni tabia uliyokuwa nayo tangu nilipokufundisha barabara ya Kibosho, na huenda imechangia. Nitapanda basi la asubuhi Jumamosi tuje tulitazame pamoja. Huyo fundi wa jirani mwambie kwa adabu kwamba bado unashauriana na mama yako. Kikopo cha mafuta ya klachi kifungue leo, kabla giza halijaingia, uniambie mafuta yako usawa gani na yana rangi gani.

Nakupenda sana,

Mama yako