Dakika nne hazitoshi kubadilishana muziki

Bwana Mhariri,

Mwandishi wenu wa juma lililopita ametueleza kwamba taarabu ya Unguja ilitoka Misri ikiwa imeshapikwa, watu wa kisiwani wakapakua tu. Mwanzo wake ameupata sawa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kikaundwa mwaka 1905. Lakini hapo ndipo alipokata hadithi, na utamu ulikuwa unaanza.

Mimi ni dereva. Miaka kumi na minane nabeba katodi, yaani mabamba ya shaba, kutoka hapa Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, mpaka bandari ya Dar es Salaam. Nusu ya kazi yetu ni kungoja: mpakani, kwenye mizani, karatasi. Nikiwa nyumbani Katuba, Jumapili napiga karindula, ile banjo kubwa ya nyuzi nne yenye ngozi ya mbuzi. Mwaka 2016 karatasi zangu zilikwama siku sita, basi nikapanda boti kwenda Unguja na rafiki aliyekuwa na arusi ya mpwa wake kule Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini.

Arusini hapakuwa na kanuni wala waungwana waliokaa kwenye viti kwa mistari. Kilikuwa kidumbaki, taarabu ya mitaani: fidla moja, vigoma viwili, vijiti vya mkwasa, cherewa za kutikisa, na sanduku. Hilo sanduku ndilo lililoniita. Ni kasha la mbao, mti umesimama pembeni, uzi mmoja tu. Mpigaji anauvuta mti, uzi unakaza, anaulegeza, na sauti inapanda na kushuka kama mzee anayenung'unika akiwa amefumba mdomo. Nikasema moyoni, huyu na karindula ni watoto wa mama mmoja.

Wimbo niliutambua, taarabu ya zamani. Ila haukumalizika ulivyoanza. Mwimbaji aliuchomekea ubeti wa kumtania bwana arusi, mama mmoja akaingia kucheza, fidla ikamfuata kiuno, vigoma vikakaza mwendo, mara tukajikuta kwenye wimbo mwingine bila mtu kupumua.

Rafiki yangu akawaambia mgeni naye ni fundi. Nikajibu, "Ndiyo, miye napigaka." Kicheko! Hiyo "napigaka" yetu ya Lubumbashi waliirudia usiku kucha. Mzee wa sanduku akanipisha. Nikashika mti, nikapata mwendo wangu mzuri, nikaung'ang'ania. Mzee akainama sikioni: "Mwanangu, weye ungali kwenye nyimbo ile. Sie tushahama zamani."

Vidole vilikuwepo. Masikio nilikuwa nimeyaacha Katuba.

Ndiyo maana nampinga mwandishi wenu. Hata kwenye makundi makubwa, mpiga udi, ile ala ya nyuzi kama gita, au kanuni huachiwa nafasi yake ya taksimu, kupiga peke yake bila kupangiwa, anazunguka ndani ya makamu, ile ngazi ya sauti za wimbo, anavyosikia yeye usiku ule. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, aliimba Kiswahili cha watu wa Ng'ambo. Baadaye zikaingia tuni za filamu za Kihindi, ikaingia hata rumba. Kila kilichofika kisiwani kilikaa barazani kwanza, kikaulizwa maswali.

Na sisi tulikuwa hivyo. Mpiga gita wetu Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, wimbo uleule akiurudia ulitoka na mambo mapya. Edouard Masengo alikwenda na gita lake mpaka Nairobi.

Sasa kilio changu. Mwaka juzi hapa mjini tuliitwa kwenye jioni ya "kubadilishana utamaduni". Kila kundi lilipewa dakika nne, na kijana mwenye saa akasimama pembeni ya jukwaa. Kuna mpiga udi alikuwa ametoka pwani. Akapiga zake nne, akashuka. Tukapiga zetu nne, tukashuka. Nyuma kabisa, karibu na jenereta, ndipo tulipoanza kuzungumza kwa nyuzi. Yeye anauliza kitu, karindula inajibu vibaya, anacheka, anauliza tena. Tulikuwa ndiyo kwanza tunaelewana alipokuja mtu wa kamati kutunyamazisha, eti tunamsumbua mheshimiwa anayehutubia. Hotuba ile, kwa taarifa yenu, ilikwenda dakika arobaini.

Wenye kuandaa shughuli hizi wasome barua hii. Watupe saa moja, makundi mawili pamoja, na kijana wa saa abaki kwao.

Upande wangu niko tayari. Nimejitengenezea sanduku kwa kasha la mbao na uzi wa kuvulia samaki, najifunza kuhama. Jirani amekwisha kuja mara mbili kugonga mlango.

Dereva na mpiga karindula,
Katuba, Lubumbashi