Mwanangu, sikio lako ni la Kawangware

Mwanangu,

Insha yako nimeisoma, pamoja na kile kikaratasi unachoomba nikuandikie orodha ya maneno ya Kiingereza yanayokuchanganya kwa matamshi. Orodha sikutumii. Zimejaa vitabuni, na nyingi zimetungwa kwa masikio ya Uingereza. Wewe umekulia Kawangware, Nairobi.

Sikio lako limelelewa na Kiswahili chenye irabu tano. Kiingereza cha Uingereza, kile cha watangazaji wa redio, kina sauti za irabu takriban 20, na sisi tunazibana zote ndani ya tano zetu. Kwa Mwingereza "live" na "leave" ni sauti mbili. Kwetu ni moja. "Full" na "fool", vivyo hivyo. Na "hat", "hut", "heart" na "hurt", msikilize mtu yeyote kwenye matatu uniambie kama utayatenganisha. Basi ndiyo haya yaliyokula alama zako. Umeandika kwamba mjomba wako "is leaving in Nakuru", mwalimu naye akauliza pembeni anaondoka kwenda wapi. Mimi nilicheka. Mjomba wako bado.

Yapo pia maneno yanayofanana hata London kwenyewe. Sisi paa wa porini na paa la nyumba tunawaandika sawasawa, kisha "wa" na "la" zinatuambia yupi ni yupi. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo mzigo huo mara nyingi unabebwa na herufi. William Caxton alipofungua kiwanda chake cha uchapishaji pale Westminster mwaka 1476, herufi k ya "knight" ilikuwa bado inatamkwa, kwa hiyo halikufanana na "night", na "meat" na "meet" yalikuwa na sauti tofauti. Baadaye midomo ikabadilika, maandishi yakabaki. Usihangaike basi kutafuta tofauti kwa kutamka. Haipo tena.

Ninalolipenda ni "stationery". Zamani huko Ulaya, muuza vitabu aliyekuwa na kibanda chake mahali pamoja aliitwa "stationer", kinyume cha wale waliozunguka na bidhaa begani. Ni kama mwenye duka River Road na yule hoka anayekimbizana na kanjo, askari wa jiji. Kwa hiyo "stationary", kilichotulia pale pale, na "stationery", kalamu na bahasha, ni ndugu wa shina moja. Ukimkumbuka "stationer" na e yake, hutakosea.

Hapa saiba, duka la kompyuta ninakochapa, naletewa barua za kuomba kazi ya ualimu zinazoanza "Dear Principle". Mkuu wa shule, "principal", amegeuzwa kanuni! Kompyuta haipigi mstari mwekundu kila mara, kwa sababu neno lenyewe liko sahihi, ila limekaa kiti cha mwenzake. Mimi huuliza kabla ya kuchapisha. Wengine hushukuru, wengine hununa wakaniambia nichape kama nilivyopewa, nami nachapa.

"Its" na "it's" usipoteze muda nayo: soma sentensi ukiweka "it is" au "it has". Zote mbili zikikataa, ondoa kile kialama. "Your" na "you're" hivyo hivyo, kwa "you are". "Affect" na "effect" ni ngumu kidogo. La kwanza kwa kawaida ni kitenzi, la pili nomino, lakini utakutana na "to effect change", yaani kuleta mabadiliko, na hapo mwalimu wako atakuwa na haki.

Na "practise" liandike kwa s likiwa kitenzi, kwa c likiwa nomino. Wamarekani hutumia c kote, na kompyuta nyingi zimefundishwa nao, kwa hiyo usiifuate kwa hilo.

Kamusi ya kaka yako nimempa shangazi akuletee siku ya kutembelewa. Kurasa za Q zimechanika, kwa hiyo shika hapa hapa: "quiet" ni kimya na lina silabi mbili, "quite" lina moja.

Mama yako