Mwanafunzi wa ushairi aruhusiwe kuhitimu kwa diwani yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu namna ushairi na uandishi wa kubuni unavyofundishwa katika vyuo vyetu vikuu: mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili anayetaka kutunga aruhusiwe kuhitimu kwa diwani, yaani mkusanyo wa mashairi, aliyoitunga mwenyewe, ikiwa na utangulizi wa kitaaluma, badala ya kulazimika kuandika juu ya diwani ya mtu mwingine.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Nilisoma fasihi chuoni kwa miaka mitatu, na kozi ya uandishi wa kubuni ilikuwapo, ya muhula mmoja, tukiwa zaidi ya wanafunzi mia moja katika ukumbi mmoja, na mtihani wake ulitutaka tueleze sifa za mwandishi bora. Nilipoomba mradi wangu wa mwaka wa tatu uwe mkusanyo wa mashairi niliyokuwa nikiyatunga tangu kidato cha tano, nilijibiwa kwamba mashairi si utafiti. Basi nikaandika kuhusu dhamira katika mashairi ya mshairi mwingine, nikafaulu vizuri, na daftari langu likarudi sandukuni bila kusomwa na mwalimu hata mmoja.

Siwalaumu walimu wangu, kwani walikuwa wakifuata kanuni walizozikuta. Ninachokilalamikia ni kwamba kanuni hizo hutoa wahitimu wanaoujua ushairi kwa nje tu. Kila mwaka wanafunzi hujibu swali la mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, yaani ubishi kama shairi ni lazima lifuate vina na mizani (idadi maalumu ya silabi). Wanajua kwamba Sheikh Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, wanajua kwamba Euphrase Kezilahabi alitoa diwani isiyofuata vina wala mizani mwaka 1974, na wanaweza kupanga hoja za wanamapokeo, wanaosema ni lazima, upande mmoja na za wanausasa, wanaokataa, upande wa pili, ilhali wengi wao hawajawahi kutunga shairi la arudhi, lenye vina na mizani, wala shairi huru, wakaona wenyewe kila njia inadai nini kwa mtunzi.

Chukua mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya mfano: “Nimekwambia mapema, nawe hukunisikia.” Vipande vyote viwili vina mizani 8, na hesabu hiyo inatimia kwa sababu ya neno moja, maana ningeandika “nimekuambia”, kipande cha kwanza kingefikia 9 na mshororo ungepinda. Mwanafunzi aliyewahi kukwama hapo usiku mzima anaijua inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie, kwa namna ambayo fasili ya kukariri haiwezi kumpa, na anajua pia kwamba ufupisho mmoja huupa mshororo mwendo na mwingine huukwaza. Mwenzake anayeacha vina na mizani naye ana kazi ngumu, pengine ngumu zaidi, kwa kuwa lazima ajue kwa nini mshororo umekatwa pale na si neno moja mbele, wala hana kina cha kujisitiri nyuma yake. Haya hayapatikani kwa mihadhara. Hupatikana kwa kuandika, kusomewa na mtu anayejua, kurudishiwa, na kuandika tena.

Kurudishiwa huko si jambo geni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi, na kila mmoja alikuwa msomaji mkali wa mwenzake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwafungulia watunzi kurasa zake, na mtunzi aliyekosea mizani hakuwa na pa kujificha mbele ya wasomaji. Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi Tanzania, waliendeleza kazi hiyo, wakaieneza ngonjera hadi shule za msingi. Hayo yote yalikuwa mafunzo, na yalifanyika nje ya chuo kikuu. Sasa kwa kuwa vijana wengi wenye kipaji hupitia chuoni, ni haki wakayakute huko.

Najua litatolewa jibu la kawaida, kwamba malenga huzaliwa na hafundishwi. Jibu hilo halitolewi kwa mpiga ngoma. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kimekuwa kikifundisha ngoma, muziki na uigizaji tangu mwaka 1981, na hakuna anayeshangaa mwanafunzi wa huko akipimwa kwa kupiga ngoma yenyewe. Kipaji anakuja nacho. Chuo kinampa mazoezi, muda na wakosoaji.

Jibu la pili, kwamba kazi ya kubuni haiwezi kusahihishwa kwa haki, lina uzito zaidi, kwa sababu upendeleo upo na ladha hutofautiana. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kilianza kukubali kazi za kubuni kuwa tasnifu za shahada za juu mwaka 1922, na Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza kilianzisha shahada ya umahiri ya uandishi wa kubuni mwaka 1970, mwaka uleule ambao Idara ya Kiswahili ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuanza kufundisha Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Idara iliyoweza hatua hiyo haiwezi kushindwa na hii. Mwanafunzi awasilishe diwani pamoja na rasimu zake zote, aeleze katika utangulizi alichagua bahari gani, yaani aina gani ya shairi, na kwa nini, kisha aitetee mbele ya jopo ambalo ndani yake ameketi malenga mmoja anayeheshimika, hata kama malenga huyo hana shahada. Rasimu zitaonyesha kazi iliyofanyika, na pia zitasaidia kumbaini aliyenakili.

Leo tunayo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nami naifurahia kwa dhati. Lakini tuzo hupokea muswada uliokwisha iva, na kijana wa mwaka wa pili anahitaji mtu wa kumwambia kwamba ubeti wake wa tatu unarudia wa kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara za Kiswahili wanaosoma ukurasa huu watujibu hapahapa: ni kanuni ipi inayozuia mradi wa mwaka wa tatu usiwe diwani, na ni kikao gani chenye mamlaka ya kuibadili? Nina wanafunzi wawili wa kidato cha sita wanaotunga vizuri kuliko nilivyotunga mimi katika umri wao, na wote wawili wanataka kusoma Kiswahili chuoni. Wameniuliza watakwenda kufanya nini huko, na ningependa kuwapa jibu kabla hawajajaza fomu za maombi.

Mwalimu wa Kiswahili,
Tanga