Loki za Mbele

Mwanangu,

Jumatano uliniamkia kwenye simu, nikaitikia marahaba, halafu nikakudanganya. Uliuliza safari ya Lushoto ilikuwaje, nikasema nzuri tu, tulikwama kidogo, si unajua matope ya kule. Maneno hayo yamenikaa vibaya. Kwenye simu mama yako alikuwa pembeni anasikiliza. Barua hii isome peke yako.

Tuliondoka Tanga Ijumaa baada ya swala, magari matatu, watu wazima saba. Ulipoomba kuja nilikwambia hakuna nafasi. Nafasi ilikuwapo. Ilikaliwa na deli la soda.

Segera, Korogwe, Mombo, hiyo njia unaijua. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 33 za kona tupu, na jioni ile fuso za kabichi zilikuwa zinateremka moja baada ya nyingine kwenda Dar, zimelala kwenye gia nzito, breki zinanuka. Tulifika usiku, tukala, tukalala.

Jumamosi tuliingia msitu wa Magamba. Tangu 2010 ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo unalipia kibali kwanza na unapewa mtu wa kukuongoza. Yule kijana alituambia jambo moja kabla hata hatujawasha magari: tairi zisitoke njiani. Mmoja wetu akanuna, maana alikuwa amekuja kupanda kingo na kuvuka vijito kama kwenye video zake. Kijana hakubishana naye. Alituonyesha mahali ambapo gari fulani lilikata kona kwenye mteremko. Alama mbili za tairi zilikuwa zimekuwa mifereji miwili, mvua imeipitia, udongo umeondoka hadi mizizi iko nje. Aliyenuna akanyamaza.

Msitu wenyewe sitauweza kwa kalamu. Kuna miti ya mikulo ambayo watu watatu hamwezi kuikumbatia, imefunikwa kuvumwani, na ukungu unapita katikati ya miti kama moshi wa jikoni. Tulimwona kinyonga mwenye pembe mbili puani, wale wa Usambara, amekaa kwenye tawi usawa wa kioo cha gari. Tulizima injini, tukamtazama jicho moja likitugeukia na jingine likiendelea na shughuli zake. Nilikukumbuka. Ungemchora.

Usiku baridi ilitutesa. Tulikuwa juu ya mita 2,000, na mimi, mtu wa Tanga, nilibeba shuka. Maharage ndiyo yalituaibisha zaidi: tuliyachemsha saa tatu nzima, yakabaki magumu kama kokoto. Kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa huku pwani, sufuria inatokota na kitu hakiivi. Tukala mkate na dagaa. Alfajiri mbega wakaanza kunguruma, mlio kama pikipiki inayokataa kuwaka, mmoja huku, mwingine ng'ambo ya bonde anajibu. Hakuna aliyeongea hemani mpaka walipomaliza.

Sasa nifike kwenyewe.

Jumapili tulitoka Magamba, tukashika njia ya kupitia mashamba ya misonobari ya Shume ili tufike kijiji cha Mtae. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, na ile njia ina udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Gari la kwanza likapita. Nikafuata mimi. Niliweka fowili, tairi zote nne zivute, nikaweka gia ndogo, nikaingia kwa mbwembwe, na katikati ya kimwinuko gari likakaa. Tairi za nyuma zinazunguka, linazidi kuzama. Gari la tatu liko nyuma yangu, haliwezi kupita.

Tulifanya kila tulichojua. Tulipunguza upepo wa tairi kutoka 35 hadi 20. Tulijaza mawe. Tuliweka vile vibao vya plastiki nilivyonunua kwa bei ambayo mama yako haijui. Vikamezwa na matope, vikapotea. Wanaume sita walisukuma nyuma, mimi nakanyaga mafuta, nikawapaka tope kuanzia kofia hadi viatu. Nikasema gari limechoka. Nikasema gia ya fowili imekufa. Nilimlaani hadi fundi aliyeifungua mwezi wa nane, maskini wa Mungu. Saa mbili zikaisha hivyo.

Ikaja fuso ya magogo, ikashindwa kupita, dereva akamtuma utingo wake aje aangalie. Kijana wa rika lako, kandambili mguuni. Hakuuliza kitu. Akaniomba nikanyage mafuta kidogo, akachuchumaa mbele, akatazama.

"Mzee," akasema, "hizi za mbele hazizunguki kabisa."

Akafuta tope kwa kiganja katikati ya tairi. Pale kwenye haba, kile kitovu cha tairi, mshale ulikuwa kwenye FREE.

Wewe huhitaji kuelezwa, ila acha niandike kama adhabu. Kwenye Land Cruiser kama letu, kuvuta gia ya fowili ndani hakutoshi. Nguvu inafika kwenye ekseli ya mbele, lakini kama hujashuka ukageuza zile loki mbili kwa mkono, tairi hazijashikana na ekseli. Nilikuwa napanda mlima wa tope kwa tairi mbili.

Kijana akageuza kulia, akazunguka, akageuza kushoto. Niliweka gia ndogo, namba moja, nikaachia klachi taratibu. Gari likatoka lenyewe. Hakuna aliyesukuma.

Alikataa pesa. Aliomba soda. Nikampa nne kutoka kwenye lile deli.

Wenzangu walicheka hadi Mombo, maana Mtae hatukufika tena, giza lilikuwa limetukaribia. Lakini hawajui lililobaki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi usiku ulinitumia ujumbe: "Baba, msisahau loki za mbele, huko kuna utelezi." Nilikujibu kwa kidole gumba. Nilikuwa nimeusoma, nikajiambia huyu mtoto ana miezi mitano tu chuoni, tayari ananifundisha gari nililoliendesha kabla hajazaliwa. Ujumbe bado upo. Niliufungua pale pale barabarani, mikono ina tope, nikaufunga haraka mtu asiuone.

Mkifunga chuo Desemba tunarudi, safari hii hadi Mtae. Wanasema anga ikiwa safi Kilimanjaro inaonekana kutoka pale. Deli litabaki nyumbani. Kuanzia njia panda ya Magamba utashika usukani wewe. Mama yako ameshakubali safari, hilo la usukani nitamwambia tukiwa tumefika.

Njoo na ovaroli yako. Tangu turudi, mbele kushoto kuna kitu kinagonga tak-tak-tak gari linapokata kona. Mimi nasema ni beringi. Njoo usikilize.

Baba yako