Usajili wa tovuti kwenye injini za utafutaji haustahili kulipiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie biashara inayowagharimu bure watu wanaofungua tovuti kwa mara ya kwanza. Mara tu tovuti inapoanza kuonekana, mwenyewe hupokea barua pepe kutoka kwa watu asiowajua, wakimwahidi kwamba akilipa ada fulani tovuti yake itasajiliwa kwenye mamia ya injini za utafutaji, yaani huduma kama Google zinazowatafutia watu kurasa mtandaoni, na wageni watamiminika. Wengi hulipa, kwa kuwa hawajapata mtu wa kuwaeleza kazi hiyo inavyofanyika.

Kuna wakati usajili ulikuwa na uzito. Yahoo, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Jerry Yang na David Filo, ilianza kama orodha ya tovuti zilizopangwa na binadamu kwa mada, na Open Directory Project, iliyoanza mwaka 1998, iliendeshwa na wahariri wa kujitolea. Ambaye hakupeleka anwani yake huko aliweza kukaa muda mrefu bila kujulikana. Lakini orodha ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014, na hiyo nyingine ikafungwa mwaka 2017. Hata Google iliondoa mwaka 2018 ile fomu ya wazi ambamo mtu yeyote aliweza kuandika anwani ya ukurasa ili ukaguliwe.

Siku hizi injini za utafutaji hutuma programu ziitwazo roboti, ambazo hufuata viungo, yaani maandishi ambayo mtu huyabonyeza ili apelekwe kwingine, kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, husoma kilichoandikwa na kukihifadhi katika faharasa kubwa, na mtu anapotafuta jambo hupewa majibu kutoka katika faharasa hiyo. Injini zenye faharasa kubwa za kwao wenyewe ni chache mno. Yahoo ya leo hutumia matokeo ya Bing, injini ya kampuni ya Microsoft, na injini nyingine iitwayo DuckDuckGo nayo huyategemea kwa sehemu kubwa, kwa hiyo aliyeingia katika faharasa ya Bing amekwisha kuzifikia na hizo. Anayeahidi mamia ya injini na atakiwe kuzitaja kwa majina.

Kujitambulisha kwa injini hizo ni bure, na mwenye tovuti anaweza kufanya kazi hiyo mwenyewe. Google ina huduma iitwayo Search Console, na Bing ina Webmaster Tools. Mtu hufungua akaunti, huthibitisha kwamba tovuti ni yake kwa kuweka faili maalumu ndani yake au kwa kuongeza rekodi kwenye mipangilio ya kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, kisha hupeleka ramani ya tovuti, yaani faili inayoorodhesha anwani za kurasa zake. Faili moja ya namna hiyo inaruhusiwa kubeba hadi anwani 50,000, idadi ambayo tovuti nyingi ndogo hazitaifikia kamwe. Baada ya hapo hungoja, pengine siku chache, pengine wiki kadhaa.

Hata hivyo, ramani ya tovuti huijulisha injini kwamba kurasa zipo, na hailazimishi kuziingiza katika faharasa, sembuse kuziweka juu. Google imetamka wazi kwamba haipokei malipo ili itembelee tovuti mara nyingi zaidi au kuipandisha katika matokeo ya kawaida. Matangazo ya kulipia ni jambo jingine, nayo huonyeshwa kwa alama yake.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba fedha hizo hutolewa huku kizuizi cha kweli kikiwa ndani ya tovuti yenyewe. Mara nyingi fundi, wakati wa ujenzi, huweka katika faili ya robots.txt katazo la kuzuia roboti zisiingie, au huacha kwenye kurasa amri ya noindex inayoziambia injini zisiziweke katika faharasa, kisha akakabidhi kazi bila kuyaondoa. Tovuti ya namna hiyo hata ikisajiliwa kila siku haitaonekana ipasavyo. Nyingine zina maelezo yote ndani ya picha za mabango, ambayo roboti haiyasomi kwa uhakika kama inavyosoma maandishi. Nyingine zina kurasa ambazo hakuna kiungo kinachofika kwazo. Nyingine kila ukurasa una kichwa kimoja tu, “Karibu”, wakati hakuna anayetafuta huduma kwa neno hilo. Mwenye tovuti angefaidika zaidi kama angekaa na wateja wake, akasikiliza maneno wanayotumia kuuliza wanachohitaji, kisha akayaandika maneno hayo waziwazi katika vichwa na aya za kurasa zake.

Wapo pia wanaouza orodha za maneno muhimu yanayofichwa ndani ya ukurasa, ingawa Google ilieleza tangu mwaka 2009 kwamba haizitumii kupanga matokeo. Wanaouza viungo kwa mafungu ni wa hatari zaidi, kwa sababu tangu mwaka 2012, Google ilipoanza kutumia utaratibu uitwao Penguin, viungo vya kununua vimezishusha tovuti nyingi badala ya kuzipandisha.

Ninaliomba gazeti lako, Ndugu Mhariri, lisikubali tangazo lolote linaloahidi nafasi ya kwanza katika matokeo ya utafutaji, kwa kuwa hakuna aliye nje ya injini hizo mwenye mamlaka ya kuitoa. Nao wasomaji wenye tovuti, kabla ya kumlipa mtu yeyote, wafungue Search Console na kuangalia ripoti ya kurasa, ambayo hutaja zilizoingia katika faharasa, zilizoachwa, na sababu ya kuachwa kwake.

Wako mtiifu,
Msomaji wa gazeti lako